Eda ya Mama katika Banda la Wattaya

Banda lilijengwa kwa ajili ya fahali, na fahali mwenyewe alikuwa ameshakufa kabla hatujafika. Yeye ndiye aliyekuwa akivuta maji ya kisima katika shamba la ami yangu huko Wattaya, Oman. Akiteremka mteremko, kamba inavutika na mfuko wa ngozi unapanda na maji. Akirudi nyuma, mfuko unashuka. Na hivyo ndivyo mitende ilivyokuwa ikinywa. Alipokufa, ami hakununua mwengine. Alipata zamu katika kisima cha jirani, na banda likabaki tupu na kuta zake za mawe na udongo, paa lake la magogo ya mitende, mlango mpana wa kupitisha mnyama, na hori la kulishia lililojengewa ukutani. Juu ya hori palikuwa na pete ya chuma ya kufungia kamba. Humo ndimo tulimokaa, baba, mama na mimi, tangu tulipokuja kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne.

Leo Wattaya ni maduka ya magari, na vijana wa kwetu wanaokwenda kununua huko hunisikiliza kwa adabu, kisha huniuliza nilijisikiaje. Wanataka nilie kidogo. Nawaambia ukweli, kwamba sikujisikia kitu. Niliamka, nikateka maji, nikashona nguo za wanawake wa mashambani, nikalala. Wale tuliowaacha nyuma, wengine hata makaburi yao hatuyajui, sikuwalilia. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, na moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi. Wakati mwengine nilijifinya mkono nione kama unauma.

Ami hakuwa ami khasa, bali mtoto wa ami yake baba. Alikuwa ameishi Unguja ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha mtu wa mtaa wa Malindi, Unguja. Nyumba yake ilikuwa imejaa watu hadi darini, ndiyo maana akatupa banda. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akampa baba ufunguo wa mti, akasema, "Laleni. Pikeni. Lakini msibadilishe kitu mpaka ruhusa ije."

"Ruhusa ya nini?" baba aliuliza. "Ya kukaa?"

"Ya kukaa si neno. Ya kuwa nyumba."

Baba alidhani anatania. Alikuwa karani maisha yake yote, na alijua sheria za kila namna, lakini hiyo hakuwa ameisikia. Ami akamweleza. Siku zile mtu hakuwa akijenga kwa kupenda kwake. Kilichosimama, kilisimama. Kikianguka, mwenyewe ataomba kukiinua, kwa mawe yale yale, kwa urefu ule ule. Lakini banda kuligeuza nyumba ni jambo jengine kabisa. Ombi lilipelekwa kwa liwali, Matrah, na lilikuwa halikomei kwa liwali. Lilikwenda Salalah, alikokaa sultani, kwa bahari, na huko likakaa na maombi ya watu wengine, ya visima na ya magari na ya safari, mpaka lisomwe. Hakuna aliyejua litarudi lini. Kuhimiza hakukusaidia.

Kwa hivyo tulijifunza nini kinageuza banda kuwa nyumba na nini hakigeuzi. Dirisha linageuza. Ukuta wa ndani unageuza. Jiko lenye paa linageuza, na choo chenye ukuta vile vile. Lakini pazia si ukuta, na mafiga yanabebeka, na ua wa makuti mbuzi anaweza kuuangusha, kwa hivyo hayo hayakuwa mabadiliko. Tuliishi katika vitu vinavyobebeka. Mama alitundika shuka baina ya pale alipolala na baba na pale nilipolala mimi. Ndani ya hori aliweka foronya na kanga zake, maana kabati hatukuwa nalo.

Aliyetumwa kutuangalia alikuwa askari wa liwali, mzee mwenye bunduki ya zamani kuliko yeye, aliyekuja juu ya punda. Alikuja alipojisikia kuja. Alikuwa akiingia, huku mama amejiziba pembeni, akaishika ile pete ya chuma, akaitikisa. Kisha akanyanyua foronya za mama kwa vidole viwili, kwa heshima, kuona kama chini yake hori bado lipo.

"Hori lipo," alisema kwa Kiarabu, kama daktari.

Akanywa kahawa, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kwangu, ningepata wa kumchukia.

Mama alichukia kwa niaba yetu sote. Kila askari akitoka, alizikung'uta zile foronya na kuzifua upya, hata kama zilifuliwa jana. Sikuwahi kumsikia akiililia nyumba yetu ya Unguja, na ilikuwa nyumba nzuri, ya madirisha manne mbele. Alichotaka ni nyumba, yoyote. Alimwambia baba, nami nikiwa upande wa pili wa pazia, "Mie si ng'ombe, wala wewe si ng'ombe. Nnataka dirisha moja. Mtu aishi nyumbani na afe nyumbani, sitaki zaidi."

"Ruhusa ikija," baba alisema.

"Na isipokuja?"

"Itakuja."

Mama alichukua kipande cha mkaa akachora dirisha lake ukutani, upande wa mlango, likielekeana na hori. Alichora mraba tu. Mkaa haukuwa mabadiliko.

Baba alipata kazi ya kuandika barua kwa mfanyabiashara mmoja Matrah, na kila alipokwenda alipita kwa liwali kuuliza. Kiarabu chake kilikuwa cha Qur'ani na cha vitabu, na makarani wa pale walikipenda kama watu wanavyopenda kasuku. Walimkalisha, wakamwuliza habari za Unguja, wakamwambia ombi halijarudi. Alirudi kwa miguu na viatu vyake vyeupe kwa vumbi. Miaka ilikwenda hivyo, na mimi sikuona tofauti baina ya mmoja na mwengine.

Sasa nije kwenye baraza.

Watu wa Unguja waliotawanyika Matrah na Ruwi walikuwa wakija kumwona baba baada ya alasiri. Ndani hawakuweza kuingia, kwa kuwa ndani palikuwa chumba kimoja na mama yumo. Kwa hivyo walisimama nje, juani, wazee watu wazima, wakizungumza wamesimama kama waliofungiwa mlango. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni fedheha. Unaweza kumnyima mgeni chakula ukamwambia hakijaiva, lakini huwezi kumwacha amesimama mlangoni pako. Baba alivumilia kwa muda, kisha siku moja ya Ijumaa akakusanya mawe, akakanda udongo, akajenga baraza pande mbili za mlango. Alijenga vizuri. Alisawazisha kwa ubao, akalipaka chokaa aliyoipata kwa jirani.

Hakuna yeyote kati yetu aliyeona tatizo. Dirisha hatukutoboa. Ukuta wa ndani hatukujenga. Baraza liko nje ya nyumba. Kitu kilicho nje kitaligeuzaje banda? Baba, na ukarani wake wote, alifikiri hivyo, na mama naye, na mimi nilibeba mawe. Wageni walikaa, wakanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu wakicheka nje ya banda lile.

Askari alipokuja, alishuka juu ya punda akaliangalia baraza kwa muda mrefu.

"Nani anakaa hapa?"

"Wageni," baba alisema. "Karibu, ukae."

Akakaa. Nilileta kahawa nikaiacha mlangoni. Alikunywa vikombe vyake taratibu, akapapasa chokaa kwa kiganja, akamsifu baba kwa kazi nzuri. Kisha akainuka, akashika hatamu za punda, akasema kwa huzuni ya kweli, "Ng'ombe hana wageni."

Alikwenda kueleza alichokiona. Ndiyo kazi yake. Jibu halikuhitaji kwenda Salalah. Liwali mwenyewe aliamua kwamba banda limefanywa nyumba bila ya ruhusa. Baraza livunjwe. Ombi lifutwe, na likitakiwa liandikwe upya. Na sisi tuhame, banda lirudi kuwa banda, tukipewa muda mpaka baada ya mavuno ya tende. Kuhamia wapi, hakuna aliyesema. Nyumbani kwa ami palikuwa na nafasi ya mama kulala jikoni na watumishi, na baba mahali pengine na wanaume.

Baba hakuacha mtu mwengine alivunje. Alilivunja mwenyewe asubuhi moja, jiwe jiwe, akayarudisha mawe pale alipoyaokota. Mama alimwangalia kupitia upenyo wa mlango. Wiki hiyo kifua kilimbana baba. Alikuwa na kifua tangu zamani, siwezi kusema ni baraza, ingawa mama alisema. Tende zilipoanza kuiva hakuweza kuinuka tena. Tulimtandikia chini ya hori, pale penye ubaridi, na hapo ndipo alipofia, mchana, wakati mimi nipo kisimani. Niliporudi mama alikuwa ameshamfumba macho. Niliweka mtungi chini kwa uangalifu, usimwagike. Nakumbuka huo uangalifu kuliko kitu chochote cha siku ile.

Mama akaingia edani. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani ya nyumba yake, hatoki, hajipambi, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, mpaka muda uliowekwa, miezi minne na siku kumi, utimie. Hilo kila mtu alilijua, Unguja na Oman. Lakini mavuno nayo yalikwisha, na askari akaja kutuhamisha.

Ami alimzuia njiani. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile, wanasema, alishika hatamu za punda mwenyewe. Walikwenda wote wawili kwa kadhi. Jioni ami alikuja akakaa nje, juu ya ardhi, mgongo wake kwenye mlango, akamweleza mama kilichotokea bila ya kugeuka.

"Kadhi kauliza, mumewe kafia wapi? Tukamwambia, bandani. Kauliza, akilala wapi na mkewe? Tukamwambia, humo humo. Akasema, basi hiyo ndiyo nyumba yake. Hatolewi ndani ya nyumba yake mpaka eda imalizike."

"Kadhi kasema nyumba?" mama aliuliza.

"Kasema nyumba."

"Hebu sema tena, shemegi."

Ami akasema tena. Liwali hakubisha, nani atambishia kadhi kwa habari ya mjane? Nilimwangalia mama nikidhani atalia, kwa kuwa hakuwa amelia hata siku ya maziko. Hakulia. Alisimama, akafagia, akabadilisha foronya ndani ya hori, akaniambia nihamishe mafiga yasitie moshi nyumbani. Alilitamka hilo neno wazi kabisa.

Kwa muda ule wa eda mama alikuwa na nyumba. Mchana aliizunguka hatua chache chache akiparaza kuta kwa kiganja. Mimi nilishona. Sikufikiri juu ya mwisho, lakini yeye alikuwa akiufikiria, maana eda ikimalizika hukumu ya kadhi inamalizika nayo, na askari atarudi.

Siku ilipotimia nilichemsha maji ya kumkogesha. Mke wa ami alileta nguo mpya na udi. Mama aliniangalia navyojishughulisha.

"Unafanya nini?"

"Eda imekwisha, mama."

"Nnajua kuhesabu."

Alikoga. Alivaa nguo mpya, alijifukiza udi kidogo, akasali rakaa zake. Mama yangu hakuwa mtu wa kuchezea dini. Angekuona unaongeza siku moja ya maombolezo kwa makusudi, angekukaripia. Alipotoa salamu akakaa pale pale kwenye msala, akasema, "Baina yangu na Mwenyezi Mungu imekwisha. Baina yangu na liwali, bado."

Na hakutoka.

Askari alipokuja alisimama mbali, chini ya mtende, kama inavyompasa mwanamume mbele ya nyumba yenye mjane. Hakushuka hata juu ya punda. Akaita, "Eda imekwisha?"

Nilikuwa nimeinama mlangoni nikipepeta mchele. "Bado," nilisema.

"Mungu ampe subira," akasema, akageuza punda.

Alirudi baada ya muda mrefu, akauliza vile vile, nikamjibu vile vile. Na tena. Mwislamu gani asiyejua urefu wa eda? Yeye alijua, liwali alijua, kadhi bila shaka alijua. Wattaya nzima ilijua, na watoto wa kisimani walikuwa wakiniuliza hali ya mama kwa sauti ya chini, kama walivyofundishwa na mama zao. Ami aliguna mara moja. "Mie simo," alisema, na kesho yake akatuletea samaki. Mradi hakuna aliyemwona mama nje, hakuna aliyekuwa na la kumwambia liwali, na askari alikuwa na jibu la kupeleka. Hayo yaliwatosha watu wote.

Sijuti kwa lile neno langu la "bado". Ila watu wakinisimulia mimi kisa hiki kama cha werevu wa wanawake, wakacheka, huwaachia wacheke peke yao. Maana mama, ili awe na nyumba, ilibidi asitoke ndani yake. Harusini hakwenda, matangani hakwenda. Kaburi la baba lilikuwa karibu kiasi cha kusikia watu wakisoma huko, na hakulizuru. Ua wa makuti nyuma ndio ulikuwa mwisho wake wa dunia. Na mimi nilikuwa nikitoka na kuingia katika nyumba yenye mjane, kwa hivyo hapakuwa na sherehe kwetu, wala ngoma, wala hina. Palikuwa na mtu wa Matrah aliyetaka kunioa. Alipelekewa jibu kwamba nyumba bado ina eda. Alingoja, kisha akaoa kwengine. Sikuumia. Au niseme, sikuweza kujua kama nimeumia.

Na mama hakumlilia baba. Tulimtaja kila siku, alipenda hiki, alikataa kile, kama mtu aliyekwenda Matrah. Eda, iliyowekwa kwa ajili ya kumwombolezea, ilikuwa imeshikwa na kazi nyengine.

Mwaka wa sabini, wakati wa joto kali, mambo yalibadilika juu, sultani akaondolewa na mwanawe akakalia kiti, na habari zikashuka mpaka mashambani. Bunduki zililia Matrah kwa furaha. Baada ya siku kadhaa askari alikuja, safari hii bila ya bunduki, akasimama chini ya mtende wake. Alitaka kusema jambo lakini mazoea yalimtangulia.

"Eda imekwisha?"

Niligeuka nikamtazama mama ndani. Akatikisa kichwa juu na chini.

"Imekwisha," nikasema.

"Alhamdulillahi," alisema yule mzee, kama habari ya leo. "Mwambie ajenge anachotaka. Hakuna anayeuliza tena."

Aliponipa kisogo mama alikuwa ameshasimama, akitafuta buibui lake. Alitoka kwa mlango wa mbele, mlango wa fahali, mchana mweupe, akakunja uso kwa mwanga. Aliniamuru niazime sururu kwa ami. Nilitaka kungoja fundi, hakutaka kusikia. Nikaanza kupiga ukuta kwa nje, naye ananionyesha mahali kwa kidole, kwa kuwa ile alama ya mkaa ilikuwa ndani na aliijua kwa moyo. Udongo ulimwagika, mawe yakafuata. Mikono yangu ilichubuka na nilihisi maumivu, nikastaajabu. Tundu likawa la ukubwa wa kichwa, kisha la ukubwa wa mtu, kubwa kuliko alivyochora.

"Basi," mama akasema. "Inatosha."

Alinisogeza kando, akaweka mikono juu ya mawe yaliyobaki, akachungulia ndani ya nyumba yake. Jua liliingia pamoja naye. Lilipita juu ya pazia na juu ya msala, likagonga ukuta wa mbele yetu, kwenye hori, kwenye ile pete ya kamba, na chini ya pete, pale tulipomtandikia baba.

Kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Baba'ako kafia bandani."

Nilitaka kumwambia kwamba kadhi alisema nyumba. Mama alikaa chini, juu ya ule udongo mgumu palipokuwa na baraza, akajifunika uso kwa buibui, akaanza kulia. Nikaweka sururu chini, nikakaa ubavuni pake. Ndiyo siku tuliyomlilia.